Nyumba Iliyozimika Pangani

Kwetu Tanga ukimuuliza mtu mzima babu wa bibi yake alikufa na nini, atakujibu kwamba aliumwa. Ukiendelea kumdadisi, aliumwa nini, utaambiwa aliumwa tu, siku yake ilifika. Jibu hilo lina adabu yake, marehemu hapekuliwi. Lakini mimi nilianza uuguzi mwaka 1978, wakati kipindupindu kimeshaenea nchini, na sikuachana nacho hadi nilipostaafu. Kwa hiyo "aliumwa tu" hainitoshi. Kila maradhi yana mwendo wake: yanamwanza nani nyumbani, yanamfuata nani, baada ya siku ngapi, na anayepona anabaki na nini mwilini. Mwendo huo unaweza kuonekana hata baada ya miaka 150, mradi mtu ajue atazame wapi.

Ninayemtafuta ni babu wa bibi yangu mzaa mama. Mimi kwake ni kilembwe. Bibi alizaliwa Unguja, akaolewa Tanga, akafia Tanga. Alikuwa akisema kwamba baba yake alikuwa mtoto wa Pangani aliyelelewa Unguja na mjomba wake, kwa sababu kule Pangani "nyumba ilizimika". Hakuongeza neno. Alilitamka kama mtu anayetaja jina la mtaa, kisha anaendelea kuchambua mchele wake. Baba wa mtoto yule alikuwa akifuatana na misafara ya pembe kwenda Umasaini. Hilo tu ndilo lililobaki juu ya kazi yake.

Wajomba zangu walikuwa na maelezo zaidi, na kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema Wamasai walimuua. Mwingine alisema washirika wake katika biashara walimroga ili wale pembe zake. La kwanza nalisikia katika kila ukoo wa Pangani; lau Wamasai wangewaua wote wanaotajwa, misafara isingeliondoka tena mwaka wa pili. La pili siwezi kulipima. Yote mawili yana upungufu mmoja: hayaelezi kwa nini mke naye alikufa, na yeye hakwenda Umasaini.

Mimi nashuku kipindupindu. Karne ya 19 kilipiga pwani yetu mara kadhaa, na mawimbi yanayojulikana zaidi ni ya 1821, 1836 hadi 1837, 1858 hadi 1859, na 1869 hadi 1870. Yale ya mwanzo yalikuja kama kila kitu kilivyokuja pwani zama hizo, kwa majahazi. Kaskazi ikivuma, majahazi ya Arabuni na Usomalini yanashuka na tende, papa mkavu, mazulia, mabaharia, na maji ya kunywa katika mapipa. Katika wimbi la 1859 msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kilwa akakuta maiti zimelala ovyo pwani, hazina wa kuzizika. Unguja mwaka huohuo alikufa mama yake Salme binti Said, yule bintimfalme aliyetoroka mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, na kuandika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886. Mama huyo aliitwa Jilfidan. Alikuwa suria wa Kicherkesi, amenunuliwa kwa fedha kama watumwa wengine. Tunajua jina lake, mwaka wake na maradhi yaliyomuua kwa sababu moja tu: binti yake alishika kalamu. Maelfu waliokufa msimu ule Ng'ambo, Malindi na mashambani hawakuwa na binti wa kuwaandikia.

Wimbi la 1869 halikufuata desturi. Habari zake kwa sehemu kubwa tunazo kwa daktari Mskoti, James Christie, aliyefika Unguja mwaka 1865 na Misheni ya Vyuo Vikuu na akabaki kutibu watu wa mjini wa kila namna. Alikuwapo kipindupindu kilipoingia. Baadaye alikaa akauliza manahodha, wamisheni na watu wa misafara, akaunganisha majibu yao, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima London juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Kwa mujibu wake, maradhi yaliyoripuka Makka msimu wa hija wa 1865 yalivuka Bahari ya Shamu hadi upande wa Uhabeshi, yakashuka polepole miaka kadhaa, kutoka wafugaji hawa hadi wafugaji wale, hata yakafika Umasaini. Huko yalikutana na misafara ya watu wa pwani. Misafara iliporudi, ilirudi nayo Pangani. Kutoka Pangani kwenda Unguja ni mwendo mfupi kwa chombo, na kabla mwaka haujaisha mji ulikuwa unazika.

Nikisoma maelezo ya Christie huwa najiuliza kwa nini watafiti wanamsifu yeye peke yake. Njia za Umasaini hakuzitembea. Waliozijua ni watu wetu. Mwaka 1870 jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London lilichapisha orodha ndefu ya njia za misafara ya kwenda bara, vituo, maji na siku za mwendo, na mmisheni Thomas Wakefield aliyeipeleka alikiri kwamba sehemu kubwa aliipata kwa Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi, mkuu wa misafara. Mtu huyo alikuwa na ramani ya nchi nzima kichwani. Lau angeulizwa nani alikufa kambi gani mwaka ule, nadhani angejibu.

Watu wa Pangani walikwenda Umasaini na merikani, kaniki, shanga na nyaya, wakarudi na pembe. Msafara ulikuwa mamia ya watu: wenye mali, wapagazi, wenye bunduki, wapishi, mara nyingine wake na watoto. Walilala pamoja ndani ya boma la miiba kwa hofu ya simba na wezi, wakachota maji kwenye kidimbwi kimoja na ng'ombe wa wenyeji. Mtu mmoja mwenye kipindupindu hawezi kukifikisha Pangani kutoka Umasaini; atakufa au atapona njiani, maana maradhi haya hayangoji. Msafara unaweza. Leo anaumwa huyu, kesho kutwa aliyemnywesha maji, wiki ijayo wanne wa kambi ya nyuma yake, na mguu unaendelea kutembea kuelekea pwani kwa sababu hakuna anayetaka kufia porini.

Niseme kidogo kipindupindu kinavyoua, kwa kuwa wasomaji wengi wanakijua kwa matangazo ya redio tu. Katika kambi za wagonjwa tulikuwa na vitanda vya turubai vilivyotobolewa tundu katikati, na ndoo chini yake. Mgonjwa analetwa kwenye baiskeli au mgongoni, asubuhi alikuwa sokoni. Choo chake si choo tena, ni maji kama yaliyooshewa mchele, na yanatoka bila yeye kujua. Macho yamedidimia. Ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama kama kitambaa. Misuli ya miguu inakaza hadi anapiga kelele, kisha hata kelele inakatika kwa kuwa sauti imekauka. Ukiwahi kumtundikia dripu mbili, anafumbua macho na kuomba uji. Muujiza huu nimeuona mara nyingi na sijawahi kuuzoea. Usipowahi, anaweza kufa kabla ya magharibi akiwa na akili zake timamu. Mwaka 1869 kwetu hapakuwa na dripu, na hata duniani ni wachache waliojua kwamba kinachomuua mgonjwa ni kukaukiwa. Robert Koch alikithibitisha kidudu chenyewe mwaka 1884 tu. Asiyetibiwa, akishazidiwa, ana nafasi ya kupona kama ya sarafu iliyorushwa.

Na wa pili kufa ni anayemhudumia. Ndiye anayefua shuka, anayemwaga beseni, anayemwosha maiti kisha anasonga ugali. Nikisikia mume amekufa na mke amefuata ndani ya siku chache, wazo langu la kwanza si uchawi.

Sasa nirudi kwenye ukoo. Ushahidi wa maandishi niliupata kwa mama yangu mdogo, ndani ya kasha la bati lenye leso za marehemu bibi: karatasi moja iliyokunjwa mara nne, maandishi ya Kiarabu, wino umegeuka rangi ya kutu. Hakuna aliyeweza kuisoma. Niliivusha Unguja kwa maalim mmoja mzee wa mjini ambaye maisha yake yote amesoma hati za namna hiyo.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Ni hati ya shamba au ya talaka? Wanawake huniletea za talaka."

Haikuwa ya shamba wala ya talaka. Ilikuwa hati ya kuuza nyumba ya Pangani, mwaka 1288 wa Hijria, yaani kati ya Machi 1871 na Machi 1872. Muuzaji ni yatima, mtoto wa marehemu fulani, na anayeuza kwa niaba yake ni ndugu wa mama yake, aliyewekwa na kadhi. Bei imetajwa kwa reale. Mipaka imetajwa minne, kama hati zote za Kiislamu zinavyotaja: upande wa kibla nyumba ya warithi wa fulani, upande wa pili njia, upande wa tatu nyumba ya warithi wa fulani mwingine, upande wa nne kiwanja cha msikiti. Majina nayaacha humohumo.

Nilimwuliza Maalim kama imeandikwa mwenye nyumba alikufa na nini. Akavua miwani.

"Kadhi ataka kujua nani arithi na nani asimamie. Maradhi si kazi yake. Lakini sikiliza, mwanangu, hati hii yasema zaidi ya ilivyoandikwa."

Akanihesabia kwa vidole. Mtu akifa akaacha mke na mtoto, mke ana thumuni yake, sehemu moja ya nane. Humu thumuni haimo. Nyumba yote inauzwa kuwa ni ya mtoto. Basi mama hayupo, na chake kimemrudia mwanawe. Baba mzazi wa marehemu angekuwa hai angekuwa na sudusi, sehemu moja ya sita, na yeye ndiye angekuwa msimamizi wa mali ya mjukuu wake bila kuwekwa na mtu yeyote. Hayumo. Bibi mzaa baba naye angekuwa na sudusi; hayumo. Mjomba hana usimamizi wa mali ya yatima kwa nasaba peke yake, lazima kadhi amweke, na kadhi wa pwani akimweka mjomba tena wa ng'ambo ya bahari, mara nyingi ni kwa kuwa upande wa baba amekosa mtu mzima wa kumkabidhi.

Nilikuwa nimeyasoma mafungu ya mirathi shuleni kama hesabu za kukariri. Sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kusomwa kinyumenyume, kwa kutazama nani hakupewa. Watu wanaotafuta wazee wao na wana hata kipande kimoja cha hati ya mauzo, ya wakfu au ya rehani, nawashauri wasiishie kwenye majina. Watafute aliyestahili fungu na hakutajwa. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, zina hati nyingi za aina hii za karne ya 19, na ukoo wako unaweza kuwamo kama mpaka wa nyumba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo nyumba ilizimika kweli, na ilizimika kabla ya 1288. Kabla kwa muda gani? Hapa linaingia jambo ambalo bibi alilisimulia kwa kicheko, hakujua kama ni ushahidi. Alisema baba yake alikuwa akikumbuka dhoruba kubwa ya Unguja, jinsi alivyoushika mguu wa mjomba wake kwa mikono miwili na makuti ya nyumba yakaruka yote. Dhoruba hiyo ni ya Aprili 15, mwaka 1872, ile iliyoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba. Mtoto anayekumbuka dhoruba namna hiyo alikuwa na miaka minne, mitano, sita. Alizaliwa basi kati ya 1865 na 1868 hivi. Wazazi wake walikufa baada ya kuzaliwa kwake na kabla ya hati. Wimbi la 1859 limetoka. Kati ya miaka hiyo kipindupindu kilichopita Pangani ni kile cha msafara wa Umasaini.

Ningekuwa mwanasheria ningefunga jalada hapo. Lakini muuguzi anajua maradhi hayasubiri zamu, na mshtakiwa wa pili alikuwa akiishi pwani mwaka mzima: ndui. Misafara na majahazi ya watumwa yaliisafirisha kama yalivyosafirisha kipindupindu, nayo haikuhitaji wimbi la dunia nzima ili kuzima nyumba moja. Ndui sijapata kuihudumia. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977, na mimi nikavaa sare mwaka uliofuata. Ila nimewaosha wazee wengi waliopona ndui utotoni, na nyuso zao sizisahau: vishimo mashavuni, puani, hata kopeni.

Ndiyo maana picha ya studio ya baba wa bibi nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Ilipigwa Unguja akiwa mzee, miaka ya 1920. Amesimama kando ya kiti, kanzu nyeupe, kofia ya vito, bakora mkononi, anamkazia macho mpiga picha kana kwamba anamdai. Mwanga unatoka upande mmoja, na mwanga wa namna hiyo hauwahurumii wenye makovu. Uso wake una mikunjo ya uzee na hauna kishimo. Mtoto wa miaka miwili au mitatu aliyelala nyumba moja na wazazi wanaokufa kwa ndui, na hajachanjwa, angeipata. Akiipona angebaki nayo usoni. Huyu hana. Mtoto mdogo ambaye bado ananyonya, kwa upande mwingine, ana nafasi ya kuponyoka kipindupindu, kwa sababu hanywi maji ya mtungini kama wakubwa. Nimewapokea kambini watoto wa namna hiyo, wakiwa mgongoni kwa jirani, wazima kabisa, mama zao wako kitandani.

Picha hiyo inaipunguzia ndui nguvu. Haiiondoi kabisa, kwani zamani pwani watu waliwachanja watoto kwa usaha wa mgonjwa ili waipate nyepesi, na aliyechanjwa hivyo huenda asibaki na alama usoni. Kaka yangu hapendi nikisema hivi. Yeye ndiye anayetengeneza kitabu cha ukoo, na anataka mstari ulionyooka.

Kuna na ushahidi alioniletea yeye mwenyewe, nikaukataa. Kwetu khitma ya "wale wa Pangani" husomwa Ramadhani. Kaka alipiga hesabu: Ramadhani ya mwaka 1286 iliangukia Desemba 1869, kipindupindu kikiwa Unguja. Akanipigia simu usiku, amefurahi. Nikamwambia hesabu yake ni sahihi na haithibitishi kitu. Nusu ya pwani wanasoma khitma zao Ramadhani kwa sababu thawabu zake ni nyingi na watu wako majumbani. Tena kama babu yule alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na alifia Pangani, basi alikufa kabla mji wa Unguja haujaanza kuzika, na Ramadhani haikuwa imeingia. Akakata simu kwa salamu fupi.

Unguja yenyewe Christie aliitazama kwa jicho ambalo mimi nalipenda. Aliona maradhi hayakugawanyika sawa mjini. Namna watu walivyochota na kuhifadhi maji yao ilileta tofauti kubwa kuliko ukaribu wao na mgonjwa. Visima vya mji vilikuwa vifupi, vimechimbwa kando ya vyoo na makaburi, na pwani ilikuwa jaa. Livingstone alipopita mwaka 1866 aliucheka mji kwa harufu yake. Miaka minne baadaye yeye mwenyewe yuko Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, mgonjwa na hana mizigo, akisikia kwamba kipindupindu kilekile kinamfuata huko: baadhi ya wapagazi aliotumiwa kutoka Unguja na John Kirk wa ubalozi wa Uingereza walikufa nacho njiani. Sultani Majid alifariki Oktoba 1870. Barghash aliyemfuata alikuja kuvuta maji ya chemchemi kutoka Chemchem hadi mjini kwa mfereji, na wazee wa Unguja wakimsifu Barghash humsifu kwa majumba na taa. Mimi namsifu kwa bomba.

Ukoo wangu una tawi jingine ambalo hati haziligusi. Mke wa mtoto wa Pangani, yaani mama wa bibi, alikuwa binti wa mwanamke aliyeletwa kutoka upande wa Nyasa kupitia Kilwa. Bibi aliniambia hilo mara moja, akiwa mgonjwa, na alipopona hakulirudia. Mwanamke huyo naye alikufa kijana, shambani, muda usiojulikana. Kwa mtu kama yeye kasha la bati halipo. Zipo orodha za watumwa aliowaachisha balozi Rigby mwaka 1860 kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza. Zipo za miaka ya baadaye, baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa Juni 1873. Aliyekufa katikati, chini ya mikarafuu ya bwana wake, alikuwa ni hasara katika hesabu za bwana, na bwana mwenyewe huenda hakuandika. Ndani ya orodha zile kuna akina Mabruki, Feruzi, Tufaha, majina ambayo mabwana waliyagawa upya kwa watumwa wengine, hata ukilipata jina hujui umempata nani. Tawi hili nimeliacha kwenye kitabu cha ukoo na nafasi tupu, na kaka amekubali nafasi hiyo ichapwe, isifichwe kwa kusogeza mistari.

Ndugu zetu wa bara wana njia ambazo sisi tulizikosa. Wakikuyu waliwapa vijana waliotahiriwa miaka ya ndui, katika miaka ya 1890, jina la rika la Mutung'u, ndui yenyewe, kwa hiyo mjukuu akijua rika la babu anaujua na mwaka. Wamasai wana Emutai, miaka ileile ambapo sotoka iliangamiza ng'ombe wao, kisha ndui ikawaangamiza wao. Familia za Kikristo zina vitabu vya ubatizo na vya mazishi vya Bagamoyo, Mbweni na Freretown, japo vingi vimeanza baada ya kipindupindu cha 1869 kupita. Waislamu wa pwani tuna nasaba, na nasaba zetu zinapanda moja kwa moja kwa wanaume waliozaa. Waliokufa wadogo hazina nafasi nao, na wanawake nao ni wachache.

Dini haikukataza kutaja. Kwa mafundisho tuliyolelewa nayo, anayekufa kwa tauni au kwa maradhi ya tumbo ana daraja la shahidi, na mtu anaambiwa asiingie nchi yenye tauni wala asitoke kuikimbia. Nadhani watu walinyamaza kwa sababu nyingine. Katika kambi zetu nimewaona ndugu wakiomba cheti kiandikwe "homa". Kuhara ni kifo cha aibu. Mtu anakufa amejichafua mbele ya watoto wake. Kuuawa na Wamasai kuna heshima zaidi, hata kurogwa kuna heshima, maana wanaorogwa ni wenye mali. Wajomba zangu walipokea hadithi ambayo mtu fulani, pengine yule mjomba wa Unguja, aliisafisha kabla ya kumpa mtoto.

Iliyobaki ni mipaka ya ile nyumba. Majirani wawili kati ya waliotajwa kwenye hati walikuwa tayari ni "warithi wa fulani" mwaka 1288, maana yake wenye nyumba wamekufa. Kama na wao walikufa miezi ile ile, mtaa ule ulipigwa, na hoja yangu inapata miguu zaidi. Nilikwenda Pangani kuwatafuta wajukuu. Ukoo wa upande wa kibla niliupata Bweni, ng'ambo ya mto, baada ya kuvuka na pantoni na kuulizauliza. Mzee wa nyumba alinikaribisha kahawa, akaisikiliza habari yote hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaniambia babu yao hakufa kwa maradhi yoyote. Alichukuliwa na mamba, hapohapo mtoni, akivuka usiku. Nikamwuliza kama ni kabla au baada ya dhoruba. Hakujua, ila mkewe kutoka jikoni akasema yeye alikwishaambiwa na mama mkwe kwamba ni habari za kuumwa, mamba ni maneno ya wanaume. Wakaanza kubishana. Nimeziandika zote mbili, na mwezi ujao nikijaaliwa nautafuta ukoo wa upande wa tatu, ambao inasemekana ulihamia Mkokotoni.